Maji Yanayotembea

Mwaka 1871, kusini mwa London, William Alford Lloyd alijenga safu ya matangi ya vioo katika Crystal Palace ili watu wa mjini waje kutazama samaki wa baharini. Sehemu kubwa ya kazi yake haikuonekana na watazamaji. Chini ya sakafu aliweka hifadhi ya maji yenye giza na ubaridi, ambayo ujazo wake ulizidi kwa mbali ule wa matangi yote ya juu. Pampu za mvuke ziliyapandisha maji usiku na mchana. Yakapita tangi hadi tangi, yakaanguka tena gizani, yakapoa, yakapanda upya. Wengine walikuwa wakimwaga maji kila yalipochafuka na kuleta mapya. Lloyd aliyatembeza yale yale.

Mwaka huohuo mmishonari Charles New alisafiri kutoka pwani kwenda Kilimanjaro, akapita Taveta, na ndiye Mzungu wa kwanza kuandika habari za Ziwa Chala. Wenyeji walimsimulia kwamba mahali pale palikuwa na kijiji cha Wamaasai kilichomezwa na ardhi pamoja na mifugo yake, na kwamba ukitega sikio ukingoni bado utasikia ng'ombe wakilia chini ya maji. Ziwa limekaa ndani ya shimo la volkano, kuta zake zimesimama wima, na ukiwa juu unaliona limetulia kabisa. Mtu akikwambia maji hayo yanatembea, utadhani anakutania.

Mimi ni fundi wa mabomba hapa Voi, na sebuleni kwangu kuna tangi la samaki la futi nne lililojaa mimea. Ndiyo maana nimewaweka Lloyd na New kwenye ukurasa mmoja. Kazi yangu ya mchana ni kuyapeleka maji yanakotakiwa. Kazi ya jioni ni kuyarudisha yalikotoka. Nimekaa na kazi hizo mbili muda wa kutosha kujua kwamba si kazi moja, na naona historia ya maji ya kwetu Taita Taveta yote imekuwa mvutano kati yao.

Nianze na tangi, kwa sababu wageni wangu hulichukulia kama pambo la ukutani. Huuliza samaki wanaitwaje, nami huwajibu kuwa ni gapi tu, wale wadogo wenye mikia ya rangi, niliwanunua Mombasa. Kisha nawaonyesha mdomo wa bomba. Hapo wengi hurudi kwenye chai yao.

Watu walioanzisha mambo haya ya matangi waliamini kwamba mimea na samaki wakitoshana, kazi imekwisha. Mwaka 1849 mkemia wa London, Robert Warington, aliweka samaki wawili wa dhahabu kwenye chombo cha kioo pamoja na mmea wa valisneria, ule wenye majani kama utepe, halafu akaongeza konokono wa kula majani yaliyooza. Samaki wanatoa hewa chafu, mmea unaitumia, mmea unatoa oksijeni, samaki wanaivuta, konokono anafagia. Mwaka 1850 Warington alitangaza matokeo yake, na mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki iliyokuwa ya kwanza ya aina yake kwa umma. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilicholipa tangi la nyumbani jina la akwariamu, na Waingereza wakashikwa na wazimu wa kuchokora mawe ya pwani kutafuta viumbe vya kuweka sebuleni. Viumbe vingi vilikufa. Hesabu ya Warington ilikuwa sawa, ila kwa chombo kikubwa aliacha swali la fundi bila jibu: ile hewa chafu inatoka vipi kwa samaki huyu mpaka kwenye jani lile kule pembeni?

Hewani jambo hilo si tatizo. Gesi husambaa yenyewe. Majini, kaboni dayoksaidi husambaa polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani. Jani lililozama huzungukwa na tabaka jembamba la maji yaliyoganda juu yake. Likishakula kilichomo humo, hukaa na njaa hata kama tangi zima limejaa chakula. Maji yakisukumwa, tabaka hilo hukonda na chakula kinalifikia jani. Ndiyo sababu mtu anaweza kununua taa ya bei, mbolea ya bei na mchanga wa bei, halafu mimea yake ya kona ya nyuma ikageuka rangi ya chai. Kona ile imekufa kwa kukosa mwendo. Baada ya hapo hutokea utando wa kijani-buluu unaoteleza na kunuka, ambao mafundi wasiojua huufuta kwa mkono kila wiki, nao kila wiki unarudi.

Na hapa Voi tuna joto. Maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa kila lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba saba na nusu tu, na hizo ni hesabu za usawa wa bahari, wakati sisi tuko juu kidogo. Usiku mimea haitoi oksijeni, nayo huivuta kama samaki. Kwa hiyo saa mbaya ya tangi la Voi ni alfajiri, na mbaya zaidi ni alfajiri ya siku ambayo stima imepotea usiku. Utawakuta samaki wote juu, midomo wazi, wakiunyonya uso wa maji. Hewa huingia majini kupitia uso huo, na uso usiotikiswa hujifunga kwa utando wa mafuta. Mdomo wa bomba ukiuelekeza juu kidogo, ukawa unaukunja uso wa maji bila kurusha povu, umewapa pumzi.

Mengine ni ya ufundi, nitayataja upesi. Ile nambari iliyoandikwa kwenye kasha la pampu ilipimwa pampu ikiwa haina kazi. Ukishaiwekea chujio, urefu wa kupanda na elbo tatu, imepungua. Elbo kali zinakula nguvu, afadhali mpira uliopinda kwa upole. Watu wengi huweka mdomo wa kunyonya upande mmoja na wa kutoa upande wa pili, wakidhani maji yatavuka tangi zima, kumbe hupitia njia fupi katikati na kuacha pembe zote. Mimi huweka yote miwili upande mmoja: maji yanakwenda juu mpaka ukuta wa mbali, yanagonga, yanashuka, yanarudi chini kupitia mashina. Kipimo ni majani. Yakicheza yote, hata ya nyuma, kwa mwendo wa pazia lililoguswa na upepo, hapo umepata. Yakilala upande mmoja umezidisha.

Sasa turudi Chala.

Ziwa hilo liko mpakani, nusu Kenya nusu Tanzania, na lina kina cha zaidi ya mita 90. Halina mto wa kudumu unaoingia wala mto unaotoka juu ya ardhi. Maji yake mengi ni mvua iliyonyesha kwenye msitu wa Kilimanjaro, ikazama, ikatembea chini kwa chini, ikaingia ziwani kupitia mwamba. Na hutoka vivyo hivyo, kwa siri. Mwaka 1889 Albert Günther wa makumbusho ya Uingereza alimweleza samaki wa humo kutoka vielelezo vilivyoletwa na mwindaji aitwaye Hunter, akamwita Oreochromis hunteri, na kwa ajili yake akaunda jenasi mpya. Leo ngege anayefugwa mabwawani kuanzia Kirinyaga hadi China yumo katika jenasi hiyo. Maana yake ni kwamba ukoo mzima wa tilapia wa mezani umeandikishwa kwa jina la samaki mdogo wa shimo letu, ambaye hapatikani kiasili mahali pengine popote na sasa yumo kwenye orodha ya samaki walio katika hatari kubwa ya kutoweka. Wavuvi wameletewa humo tilapia wa kutoka nje, nao wanabanana na mwenyeji.

Chini kabisa, maji ya Chala hayana oksijeni. Yamejifungia huko. Ila kila mwaka, kuanzia mwezi wa Juni, upepo wa kusi unapovuma na hewa ikapoa, maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama, na kuyachokoa ya chini yake mpaka kina cha makumi ya mita. Yanapoinuka hubeba virutubisho vilivyokuwa vimelala gizani. Vijimea vidogo vyenye maganda ya kioo, diatomu, huvila na kustawi kwa wingi, kisha hufa na maganda yake kuanguka chini yakiwa utepe mweupe. Msimu wa mvua na joto ukija, mchanganyiko husimama na kinachoanguka ni matope meusi. Mweupe na mweusi, mweupe na mweusi, mwaka baada ya mwaka. Na kwa kuwa chini hakuna oksijeni, hakuna kiumbe wa kuyachimbua matope hayo, kwa hiyo tepe hizo zimebaki kama zilivyoanguka.

Watafiti walizisoma. Walianza na mashimo mafupi miaka ya 2000, na mwaka 2016 mradi wa kimataifa ukatoboa zaidi ya mita 200 za matope hayo, zinazobeba kumbukumbu ya miaka 250,000 hivi. Utepe mnene ni mwaka wa upepo mwingi na ukame. Mwembamba ni mwaka wa mvua nyingi. Mwaka 2011 kundi la wanasayansi lilitumia unene huo kuonyesha kwamba katika zama za barafu mvua ya Afrika Mashariki ilikuwa chache lakini haikuyumba mwaka hadi mwaka kama inavyoyumba sasa. Hebu fikiria: habari za upepo wa mwaka fulani kabla ya kuwapo Mtaita wala Mtaveta zimehifadhiwa kwa sababu maji yalizunguka kwa miezi michache halafu yakatulia. Wale ng'ombe wa hadithi huenda wasisikike, lakini ziwa linazungumza.

Milimani, wazee wetu hawakusubiri upepo. Babu yangu alikuwa wa upande wa Mgange, na shamba lake lilinyweshwa kwa mfereji uliokatwa kwenye mteremko. Mifereji ya Taita imeandikwa na wasomi wa kigeni, ambao kilichowashangaza zaidi ni jinsi watu walivyoitawala. Mfereji ulikuwa wa ukoo uliouchimba. Mtu wa nje aliweza kupewa maji, ila lazima aombe, na lazima aje siku ya kuuzibua. Maji yalikwenda kwa zamu, na mvivu wa kuzibua alirukwa. Kulikuwa na vidimbwi vya kukusanyia maji ya usiku, maana mchirizi mdogo hauwezi kufika shamba la mbali mchana wenye jua. Ukikusanywa usiku kucha na kufunguliwa asubuhi kwa mkupuo, unafika. Wapare ng'ambo ya mpaka wanaviita ndiva. Na kilichobaki shambani kilitiririka kurudi mtoni, kikamkuta jirani wa chini.

Juu ya yote hayo kulikuwa na fighi, misitu mitakatifu iliyokatazwa shoka. Wamishonari waliiona kama makao ya mashetani. Mimi, kwa jicho la fundi, naiona kama Lloyd angeiona: hifadhi ya maji yenye giza na ubaridi, iliyowekwa mahali pasipoguswa, inayolisha kila kilichoko chini yake. Misitu ya Taita hunasa ukungu unaopanda kutoka nyika. Majani yanalowa, yanadondoka, chemchemi zinapata. Iliyobaki leo, kama Ngangao na Mbololo, ni vipande vya kile kilichokuwapo. Mto Voi unaanzia huko milimani, na mwenye kuutazama kutoka darajani miezi ya kiangazi ataona barabara ya mchanga ambayo wachimba mchanga wanaitumia kama machimbo. Mwaka 1952 uliwekewa ukuta ndani ya hifadhi ya Tsavo Mashariki, likapatikana bwawa la Aruba. Tembo walilifurahia. Siku hizi kuna miaka linakauka likabaki sakafu ya matope iliyopasuka.

Reli ilikuja na hesabu nyingine kabisa. Ilipofika Voi mwishoni mwa mwaka 1897, wajenzi wake walikuwa wamevuka nyika ya Taru wakibebewa maji kwa treni. Injini ya mvuke haijui zamu wala ukoo. Inakunywa na kuondoka. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka na Wajerumani wakaichukua Taveta mwezi wa Agosti 1914, Waingereza walianza kutandika reli kutoka Voi kuelekea huko, na kwa ajili ya majeshi yaliyokusanyika Maktau wakavuta bomba la maji kutoka chemchemi za Bura. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi hayo yalipigwa vibaya kwenye kilima cha Salaita, na mwezi uliofuata yakaitwaa Taveta. Watalii wa vita huja kutafuta mahandaki na maganda ya risasi. Mimi nakumbuka lile bomba la Bura, kwa sababu naliona kuwa mwanzo wa tabia ambayo haijaisha: maji ya huku yanachukuliwa kwa bomba, yanakwenda kwa mwenye haja kubwa, na hayarudi.

Bomba kubwa kuliko yote lilikuja miaka ya 1950, nalo ni la kutoka Mzima kwenda Mombasa.

Mzima iko Tsavo Magharibi. Mvua ikinyesha juu ya milima ya Chyulu haifanyi mito, kwa maana milima ile ni majivu na mawe ya volkano yenye matundu. Maji yanazama moja kwa moja, yanachujwa mwendo wa makumi ya kilomita chini ya lava, yakikuta mwamba usiopenyeka yanatafuta pa kutokea, na yanatokea Mzima. Kiasi kinachotajwa siku zote ni galoni milioni 50 kwa siku, yaani lita milioni 220 na zaidi. Katikati ya nyika kavu kabisa unakuta madimbwi maangavu, mikindu, miwale, mafunjo, na viboko. Maji hayo ndiyo yanayoufanya mto Tsavo usikauke, ule mto ambao daraja lake mwaka 1898 liliwafanya simba wawili kujulikana dunia nzima.

Kwa mpenda tangi la mimea, Mzima ni mahali pa kwenda kusoma. Kando ya dimbwi kuna chumba kilichozamishwa chenye madirisha ya vioo. Unashuka ngazi, unakaa ndani ya kisanduku kikavu, na samaki wanakuja dirishani kukutazama. Hapo wewe ndiye uliye tangini. Alan na Joan Root, wapiga filamu wa Kenya, walizama kwenye madimbwi hayo na kamera, wakaionyesha dunia jinsi kiboko anavyotembea chini ya maji na samaki aina ya labeo wakimsafisha ngozi. Siku moja kiboko aliwavamia humo: jino lake likapita kwenye barakoa ya Joan bila kumdhuru, na Alan akang'atwa mguu vibaya. Baadaye Mark Deeble na Victoria Stone walikaa hapo wakapiga filamu nyingine, wakaufuatilia mnyororo wote. Kiboko hula kilo 40 hivi za majani nchi kavu kila usiku, kisha mchana huyaleta majini kama kinyesi. Wadudu na konokono wanakula kinyesi, samaki wanakula wadudu, ndege na mamba wanakula samaki, na mimea ya maji inachukua kilichobaki. Warington angepiga makofi.

Lakini angekosea tena palepale alipokosea mwanzo, kama angesahau mwendo. Katika mto Mara, ambako viboko ni maelfu, watafiti wamepima madimbwi wakati wa kiangazi mto unapopungua. Kinyesi kinarundikana chini, kinaoza, oksijeni inakwisha. Mvua ikija ghafla inayasomba maji yale mabovu kwenda chini na samaki wanakufa kwa mamia. Viboko ni wale wale, kinyesi ni kile kile. Mzima inanusurika kwa sababu maji mapya yanaingia kila dakika na ya zamani yanaondoka kila dakika. Mwaka 2009 ukame ulipotafuna nyika yote, viboko wengi wa Mzima walikufa kwa njaa wakiwa ndani ya maji safi, kwa kukosa majani ya kula kando yake. Maji yalizunguka, chakula hakikuzunguka.

Waliochora bomba la Mombasa walistahili sifa kwa jambo moja. Walikubali kuyachukua maji chini ya lava, kabla hayajatokea, ili madimbwi yabaki na uzuri wake pamoja na viboko wake. Bomba linasafiri kilomita 220 hivi mpaka pwani kwa kuteremka tu, bila kusukumwa, na lilikusudiwa kubeba mita za ujazo 35,000 kwa siku. Kwa fundi hiyo ni kazi ya kuvuliwa kofia. Maji yanatoka nyika ya Tsavo kwa uzito wake mwenyewe yakafika Mazeras, juu ya Mombasa, bila hata lita moja ya dizeli. Watu wengi wa kisiwani wamezaliwa, wamekua na kuzeeka wakinywa Chyulu bila kujua.

Bomba hilo linapita kwetu. Voi tunakunywa kutoka humo, na Maungu vilevile, kwa matoleo yaliyounganishwa kandokando. Ila tunakunywa kama mtu anayeonja chakula cha harusi ya wengine. Jirani yangu, mzee wa Mwatate, hukaa mbele ya tangi langu na kunitania: "Fundi, hawa gapi wako wana maji saa ishirini na nne. Mimi mfereji wangu unakohoa Jumanne na Ijumaa." Namwambia, "Mzee wangu, haya ni yale yale ya Jumanne na Ijumaa, ila hawa hawayamwagi." Anacheka, lakini anajua hesabu. Mkokoteni wa jerikeni unapita mtaani kwetu katika mji unaopitiwa na bomba kubwa la Mombasa. Kiasi kidogo cha maji ninayoyatoa tangini kila wiki, kwa sababu hata tangi zuri lazima lipunguziwe uchafu, hakiendi kwenye mtaro. Yanakwenda kwenye sukumawiki ya mama watoto, na mboga ile inazidi ya majirani wote kwa unene, maana maji ya samaki ni mbolea.

Upande wa Taveta kuna somo jingine, la maji yasiyotoka. Huko, karibu na miguu ya Kilimanjaro, chemchemi kama Njoro Kubwa zimenywesha migomba tangu zamani, na msafiri Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 aliusifu msitu wa Taveta kama pahali pa kupumzisha roho. Baadaye alikuja Ewart Grogan, yule aliyepata sifa kwa safari ya kutoka Rasi, kusini mwa Afrika, hadi Kairo, akalima katani, akachimba mifereji yake, akajijengea jumba la ajabu juu ya kilima ambalo wenyeji wanaliita Girigan. Kusini mwa hapo liko Ziwa Jipe, lisilofika kina cha mita tatu. Linalishwa na mto Lumi, na maji yake hutoka kupitia mto Ruvu kuelekea Pangani. Nalo lina samaki wake, Oreochromis jipe, aliyeelezwa na Rosemary Lowe mwaka 1955.

Jipe ni tangi ambalo chujio lake limeziba. Udongo unaoporomoka kutoka mashamba ya juu umeingia na Lumi na kulifanya ziwa liwe la kina kifupi zaidi. Mahali penye udongo na maji mafupi hapakosi magugu marefu, na magugu yakishasimama hunasa udongo zaidi. Njia ya kutokea imefungika kwa kinamasi. Mvuvi analazimika kuukata ukuta wa majani kwa panga kabla hajaona maji ya wazi. Mimea si adui, mimi mwenyewe ninaifuga. Lakini mimea bila mwendo wa maji hugeuka udongo, na ziwa linalogeuka udongo halirudishwi kwa panga. Dawa iko juu, kwenye kingo za Lumi na kwenye vilima vilivyovuliwa miti, pande zote mbili za mpaka.

Sasa kwa miaka mingi serikali imekuwa ikizungumzia bomba la pili la Mzima, ili Mombasa ipate zaidi. Sina kinyongo na Mombasa. Nina ndugu huko, nao wana kiu. Ninachotaka ni mchoro. Mafundi wa zamani wa milimani walianza kwa kuhesabu nani atakunywa njiani, kabla ya kukata udongo. Basi wabunge wetu, madiwani wetu na wahandisi watakaokalia meza hiyo wadai mambo mawili kabla ya kutia saini: matoleo ya Voi, Maungu, Mwatate na vijiji vya kandokando yawe kwenye karatasi ya kwanza na kipenyo chake kiandikwe, na sehemu ya fedha atakazolipa mnywaji wa pwani irudi Chyulu na Taita kupanda miti ya kienyeji mahali mvua inapozamia. Na wewe unayesoma haya ukiwa Voi, mkutano wa hadhara ukiitishwa kuhusu bomba hilo, usimwachie fundi peke yake aende.